Kanda ya Seremala

Majirani walimwita Mama Upindo, kwa kuwa hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake ikiwa na upindo ulioenda upande. Alikuwa mshonaji kwa miaka thelathini, na mjane kwa miaka sita. Mumewe, seremala, hakuacha mali. Aliacha meza ya kukatia vitambaa, mazoea ya kusali kabla ya kugusa kazi, na kanda moja ya kaseti aliyomrekodia binti yao alipokuwa shule ya bweni. Binti aliirudisha baada ya mazishi. Mama Upindo akaifungia kwenye kopo la vifungo, maana moyo wa kuisikiliza hakuwa nao.

Sasa binti anaishi mbali, ana mtoto wa miaka minne. Wiki iliyopita alipiga simu. "Mama, mjukuu wako ananiuliza babu alikuwa anaongeaje. Nimjibu nini?"

Usingizi ukamruka. Asubuhi akaweka redio kaseti sebuleni, akavuta waya mpaka kwenye kompyuta aliyoachiwa na binti, kwenye chumba cha kushonea, ili airekodi kanda na kumtumia mjukuu. Akabonyeza.

Mmmmmmmm.

Spika ilivuma kama nyuki ndani ya debe. Sauti ya marehemu ilikuwa humo, lakini kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Alisafisha redio kwa spiriti. Akazima friji mpaka maziwa yakachachuka. Akaifunika spika kwa koti. Mvumo haukusogea, na kanda yenyewe ilikuwa imechakaa. Redio ilishaitafuna mara moja, akaiviringisha upya kwa penseli. Kila akibonyeza, aliogopa ndiyo mara ya mwisho.

Akamwita fundi redio, rafiki wa marehemu.

"Shemeji," fundi alisema mlangoni, "spika inaona baridi?"

"Cheka tu. Nimesali siku tatu mvumo hautoki."

"Mungu kakusikia. Ni mimi ndiye sikuwa na nafasi."

Fundi hakuigusa kanda. Alichomoa chaja ya kompyuta, na nyumba nzima ikanyamaza.

"Umefanya nini?"

"Redio inakula umeme wa sebuleni, kompyuta inakula wa huku. Halafu wewe umezifunga pamoja kwa huu waya. Ni wake wenza jiko moja, shemeji, lazima wanung'unike." Akazichomeka zote kwenye ekstensheni moja, akarudisha chaja. Kimya.

"Masikini kanda, nimeisingizia bure," alisema Mama Upindo.

Wakaanza kurekodi. Kwanza kikaja kikohozi, kile kile cha kabla ya kila neno zito. Kisha: "Mwanangu, baba hapa. Unakula vizuri?" Mama Upindo, aliyekuwa ameketi kwenye cherehani, alishika ukingo wa meza yake.

Chini ya sauti ile kulikuwa na nyingine, taka-taka-taka.

"Hiyo nayo tutaiondoa kwa kompyuta," alisema fundi.

Mama Upindo aliinua mkono anyamaze. Kwenye kanda, seremala alikuwa amegeuka. "Mama, hebu simamisha cherehani kidogo, naongea na mtoto."

Na sauti ya mwanamke, ya haraka, isiyo na mvi: "Ongea tu, nimebakiza upindo."

Cherehani haikusimama. Seremala akacheka kidogo, akapandisha sauti, akaendelea.

Mama Upindo alijaribu kukumbuka upindo ule ulikuwa wa nguo ya nani. Hakukumbuka hata rangi yake.

"Niiondoe, shemeji?" fundi aliuliza taratibu.

"Iache. Mjukuu ajue babu yake alikuwa mvumilivu."

Mlangoni mteja akabisha. "Mama Upindo! Gauni langu tayari?"

Gauni lilikuwa chini ya sindano, limebakiza upindo. Mguu wake, kwa mazoea, ulikuwa umeshakanyaga pedali. Akautoa. Akaweka mikono yote miwili mapajani.

"Bado, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Kaa hapo kidogo. Mzee anaongea na mtoto."