Sauti Tatu za Marehemu Ambazo Sijazisikiliza

Msimamizi wa ukurasa, nakuomba ulifiche jina langu, kwa kuwa wapo watu wa ukoo wetu wanaokusoma. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minne, mjane, ninaishi Gitega. Nilikulia Tanzania, nikafundisha Kiswahili huko kwa miaka mingi kabla ya kurejea kwetu Burundi. Siku hizi ninafanyia kazi nyumbani. Kampuni moja ya nje hunitumia masomo yaliyoandikwa kwa Kiswahili, nami huyasahihisha na kuyarudisha kwa mtandao. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mkulima Butihinda, huko Muyinga. Kwa mama yetu tulibaki wawili tu. Tulipokuwa ukimbizini yeye ndiye aliyeachishwa shule ili mimi niendelee, na hakuwahi kunisimanga. Hata hivyo, kila aliponiandikia ujumbe wa simu nilimrudishia nikiwa nimeusahihisha, kama daftari la mwanafunzi. Nilidhani namsaidia. Siku moja alinipigia, akasema kwa upole, "Dada, mimi nakusalimia, wewe unanipa maksi." Hakuandika tena. Akawa ananitumia ujumbe wa sauti tu. Mimi nikaona nimevunjiwa heshima, nikaamua kungoja aniombe radhi, tena kwa maandishi.

Ikatokea kampuni ikachelewa kunilipa, nami nikashindwa kulipia mtandao wa nyumbani kwa miezi miwili. Asubuhi moja kazi ikagoma kwenda. Nilikwenda katika ofisi ya mtandao, na mama mmoja wa kaunta akanieleza bila haraka, "Mama, ligne ya mtandao haijakatwa. Iko nguvu kidogo tu. Message za kuandika zinapita, sauti na picha hapana. Ukilipa, vyote vinarudi."

Nikarudi kwenye meza yangu. Kutuma ukurasa mmoja kulichukua nusu saa, na nilichunga kila kitu kisinipunguzie ule mtandao mdogo uliobaki. Jumanne ya wiki hiyo ujumbe wa sauti ukaingia kutoka kwa mdogo wangu. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka, ujumbe haukufunguka. Ukaja wa pili. Mchana ukaja wa tatu. Nikamwandikia, "Sauti hazifunguki. Andika." Alama zikanionyesha kwamba amesoma. Hakuandika kitu.

Mtaniuliza kwa nini sikumpigia. Simu ilikuwa mezani na salio lilikuwamo. Sikumpigia kwa sababu nilikuwa nangoja radhi yangu.

Alhamisi wifi yangu, mke wake, alinipigia akilia. Mdogo wangu alikuwa amefariki. Kifua kilikuwa kinamuuma tangu Jumapili, naye alikuwa akiwaambia watu wa nyumbani kwamba ni uchovu wa kulima.

Siku ya maziko wifi alinishika mikono mbele ya watu. "Wifi, nilimwona nyuma ya nyumba anaongea na wewe kwenye simu, mara tatu. Mimi aliniambia yuko sawa. Wewe alikuambia nini?"

Nikasema, "Aliniaga vizuri. Alisema niwaangalie."

Alifumba macho, akanishukuru. Baadaye nilimsikia akiwarudia kina mama wa kanisani maneno yangu, nao wakasema kwamba basi marehemu alikwenda kwa amani.

Niliporudi Gitega malipo yangu yalikuwa yamefika. Nikalipia mtandao, na kabla sijavua kitenge cha msiba sauti zote tatu zikaingia. Ya kwanza ina sekunde kumi na moja. Ya pili ina dakika moja. Ya mwisho ina dakika nne. Sijazifungua hadi leo. Nikifanya kazi naiweka simu chumba cha pili, na bado namsikia akisafisha koo, kama alivyofanya tangu utotoni kabla ya kusema jambo. Nimekwisha kuitika zaidi ya mara moja, peke yangu, mchana kweupe. Siku nyingine nimejikuta nimesimama katika chumba hicho, kidole kiko juu ya ile ya dakika nne, wala sikumbuki kuinuka kwenye kiti.

Sasa siku ya kuondoa matanga, yaani kuganduka, imekaribia. Kwetu, siku hiyo mtu wa familia husimama na kuwaeleza waliokusanyika neno la mwisho la marehemu. Ukoo umenichagua mimi. Juzi binti yake akanipigia, sauti yake ina furaha ambayo sijaisikia tangu msiba. "Shangazi, ile simu ya baba tulikuwa hatujui namba yake ya siri. Nimeipeleka kwa fundi Muyinga mjini, amesema ataifungua bila kufuta kitu. Mama anataka zile sauti zisikike mbele ya watu wote, tumsikie baba anavyokuaga."

Nilimjibu kwamba ni wazo zuri.

Huenda aliniaga kweli. Huenda aliniomba nimtafutie gari la kumpeleka hospitali, akaona aibu kumsumbua mkewe, akanitumaini mimi. Lolote alilosema, litasikika, na simu yake itaonyesha kwamba mimi sikulisikiliza.

Sitafuti huruma yenu. Nimewahukumu watu wengi kwa makosa madogo na nafahamu kosa langu lina ukubwa gani. Ninachouliza ni hiki: nizisikilize sasa, peke yangu? Niende kwa wifi kabla ya fundi kumaliza, nimwambie kwamba neno linalompa usingizi nililitunga mimi? Au nimwombe yule binti aiache simu ya baba yake imefungwa, niwanyime watoto sauti yake ili mimi nisitahayari? Kuganduka ni Jumamosi. Gari la Muyinga nitalipanda Ijumaa asubuhi. Mliowahi kuzika ndugu, nishaurini kabla ya hapo: nikifika mlangoni kwa wifi, nianze na neno gani?