Betri Zilizogoma Kujaa Ujiji

Baba alitaka kumwona dada yake wa Ujiji, nami nilitaka aende na arudi mzima. Ana kisukari, na insulini yake haitaki joto. Ndiyo maana niliigeuza Hiace yangu kuukuu kuwa chumba: kitanda, friji ndogo, betri mbili, na paneli ya sola juu ya paa.

Tuliondoka Tabora asubuhi na mapema. Jua lilitupiga njia nzima, na tulipofika Uvinza kununua chumvi, taa ya kijani ilikuwa imewaka: betri zimejaa. Nilijisifu mpaka baba akaniambia nitazame barabara.

Jioni tukaingia Ujiji. Shangazi Zuhura alitupokea kwa vigelegele, kisha akatuelekeza chini ya michikichi, nyuma ya nyumba.

"Mgeni hawekwi juani," alisema.

Nikaegesha. Ningeanzaje kumkatalia?

Siku ya pili taa ilibaki ya njano, yaani betri hazijajaa, tangu asubuhi hadi magharibi. Siku ya tatu hivyo hivyo. Alfajiri ya siku ya nne nikakuta friji imezima. Nilipapasa chupa za dawa. Ubaridi ulikuwa umebaki kidogo tu, na shangazi hana friji. Akatoka na chai, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mwanangu! Mmelalaje?"

"Salama kabisa, shangazi."

Uongo mtupu.

Nilinunua barafu ya wavuvi mwaloni, wanakoshushia samaki, nikazifunga chupa kwa taulo zisigande, nikaendesha mpaka mtaa wa Mwanga kwa fundi wa sola. Alipima betri, akapima nyaya, akapanda juu ya paa.

"Mama, betri zako nzima. Gari unaegesha wapi?"

"Chini ya michikichi."

Akacheka. "Kuti moja tu likitia kivuli kwenye paneli, umeme karibu wote unapotea. Liweke juani, usilitoe."

Nilishashuku, nisiseme uongo tena. Lakini nimwambie shangazi kwamba kivuli chake hakifai? Niliporudi nilimweleza yote, macho chini. Alikwenda uwanjani penye jua, akaanza kukunja mikeka aliyoanikia dagaa, mmoja mmoja, mpaka gari likapata nafasi.

Kesho yake, saa tisa alasiri, taa ikawaka kijani. Nilipiga ukelele hadi baba akadhani nyoka. Alhamdulillahi! Nilikaa chini pale pale mchangani, nacheka peke yangu.

Baada ya wiki tulianza safari ya kurudi, baba mzima, dawa baridi, mawese na dagaa nyuma ya kiti. Kuhusu sola nilijifunza kwa fundi. Hili jingine nilifundishwa dirishani, gari likiwa tayari linaunguruma, shangazi amenishika mkono kwa nguvu:

"Huyu alikuwa kaka yangu kabla hajawa baba yako. Siku tatu unaniheshimu, kumbe unataka kuniulia kaka! Siku nyingine sema."