Ukuta Uliobomolewa Kabla ya Ndoa

Shamba la mitende la babu, hapa Ibra, Omani, lilikatwa ukuta katikati: nusu ya baba, nusu ya ami, mdogo wake. Kwetu shamba likigawanyika hurudishwa kwa ndoa. Mtoto wa huku humuoa wa kule, wajukuu wakarithi zima.

Zamu yangu niliikimbia. Nikaishi Unguja, Mombasa, Sur, kila mahali nikipakumbuka nilipotoka. Nilipopindukia arubaini nilichoka. Binti wa ami alikuwa mjane, na kusema kweli hakupata kunitoka moyoni. Nikaposa.

Ami alifurahi hata akaita mafundi wabomoe kipande cha ukuta kabla ya ndoa. "Tunasubiri nini?"

Asubuhi ya ndoa tulikuwa majlisi, chumba cha wageni, pamoja na shehe wa kufungisha ndoa, na halua na kahawa. Shangazi yetu, aliyefika jana yake kutoka Unguja baada ya miaka mingi, akijua tu kuwa binti wa ami anaolewa, aliingia kutuamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na khanjari kiunoni? Mtu atadhani wewe ndiye bwana harusi!"

"Ndiye mimi."

Akacheka. "Hebu toka! Wewe kaka mtu. Mamake bibi harusi alipolazwa na homa, mama yako ndiye aliyemnyonyesha mtoto. Mimi nikikupakata, nawe unalililia ziwa lako!"

Finjani ya ami ilisimama njiani. Miaka hiyo yeye alikuwa kazini Abu Dhabi, na baba yangu na mama zetu wote wawili wameshakufa.

"Alimnyonyesha mara ngapi, bibi?" shehe aliuliza taratibu.

"Siku tatu, nne. Kwani?"

"Kwetu hata mara moja yatosha. Hawa ni ndugu wa ziwa, hawaoani."

Shangazi akajishika mdomo. Nilijaribu kuivua khanjari, nikashindwa.

Alasiri nilikaa penye falaji, mfereji wa kunyweshea mitende, karibu na ule mwanya wa ukuta. Akapita pale binti wa ami na birika la kahawa. Tangu alipovunja ungo hakupata kunijia bila kujifunika. Alisimama mbele yangu, akaushusha ushungi mabegani.

"Kunywa, kaka," alisema, akanimiminia.

Maziwa yametufanya ndugu, lakini hayarithishi. Nusu ya kwao itabaki ya kwao, yangu yangu, na mafundi wameshaambiwa warudi wazibe. Nilimtazama nitakavyo, halali kabisa. Sikujua kuwa nywele zake zimeota mvi.