Shaba Iliyomwagwa Nyuma ya Vitufe

Ruan Meizhen alikuwa amechora bodi za saketi miaka kumi na mmoja, katika kampuni ya majiko ya umeme huko Bao'an, Shenzhen. Sasa alikuwa na miaka thelathini na sita, umri ambao kampuni kama hizo huanza kumhesabia mtu siku. Pale hawasemi mtu amefukuzwa, husema "ameboreshwa". Orodha ya watakaoboreshwa ingetoka Ijumaa.

Jumatano majiko ya majaribio yalirudishwa. Vitufe vya kugusa havikusikia kidole. Ruan alifungua jiko moja, akaipindua bodi. Nyuma ya vitufe yeye alichora shaba ya wavu: mistari myembamba, matundu mapana. Sasa palikuwa na shaba tupu, imejaa kama sakafu.

Meneja wake, Tao Jinlei, kijana wa miaka ishirini na tisa, alimsogelea.

"Injinia Ruan, niliijaza mimi. Niliona matundu, nikadhani umesahau kumalizia."

"Sasa?"

"Sema ni mkono wako. Nitaliondoa jina lako kwenye orodha."

"Kumbe limo."

Tao akajikuna kichwa. "Dada, usiniangushe."

Kikaoni mkurugenzi, mzee Xue, aliitupa bodi mezani. "Nani kachora takataka hii? Mke wangu kalibonyeza mpaka kwa kiwiko, jiko limenuna tu!"

Watu wakacheka. Ruan alisubiri hofu imjie. Haikuja, wala hasira.

"Nilichora wavu," alisema. "Shaba ilimwagwa baadaye. Faili linaonyesha jina la aliyeimwaga."

Mzee Xue alitazama faili, kisha akamtazama Tao, aliyekuwa ameinamia kikombe chake cha chai.

Ijumaa Tao alibaki. Kijana hujifunza kwa makosa, walisema. Jina la Ruan halikutoka kwenye orodha. Mwanamke aliyekuwa sahihi, wao walimwona ghali kwa mshahara wake. Wakamwomba, kabla ya kuondoka, awaandikie miongozo ya bodi za kugusa.

Angeweza kukataa. Aliketi, akaandika: njia za shaba za vitufe ziwe fupi na nyembamba, zisitembee sambamba na njia za taa, zikilazimika kupishana, zipishane kama msalaba. Nyuma ya vitufe, wavu.

Tao alikuwa amesimama nyuma yake.

"Lakini kwa nini wavu, hasa?"

"Shaba ikijaa, kitufe kinabeba mzigo mkubwa wa umeme tayari. Kidole kikija, hakiongezi cha kuonekana."

"Sijaelewa."

Ruan akasogeza kiti kando, kijana apate kuona kioo cha kompyuta, akaanza upya.