Karafuu za Kupeleka Pemba

Jumamosi, kwenye duka la viungo la Merrylands, huku ughaibuni, mama aliyekuwa mbele yangu alinusa pakiti nne za karafuu, moja baada ya nyingine. Alimweleza muuzaji kwamba kesho anasafiri kwenda Pemba, kumwona mama mkwe kwa mara ya kwanza.

Mimi husoma vibandiko. Kibandiko cha karafuu hizo nilikisoma mara mbili, nikaona siwezi kunyamaza.

"Samahani mama, hizi zimetoka huko huko Pemba."

"Najua, mwanangu. Mama mkwe amezichuma tangu usichana, na pilau yake huitilia makonyo, vile vijiti vinavyobaki. Nzuri zote hupelekwa nje."

Nikamwambia kwamba chuoni tulifundishwa bidhaa humfuata mnunuzi. Mama akaongeza pakiti ya tano.

"Mwaka huu," akasema, "mnunuzi ni mama mkwe."