Anayekamua Vyura

Jirani yangu wa meza pale maabara kazi yake ni kukamua vyura. Huwashika mmoja mmoja kwa mikono yenye glavu, huwasugua mgongo taratibu mpaka ngozi itoe ute, na kila mmoja humwomba radhi: "Samahani mama, tunamaliza sasa hivi." Hata madume huwaita mama. Ute huo una chembechembe za protini ambazo zikimpata mtu, ngozi huwaka na kuvimba. Yeye huzijaribu kwenye miguu ya panya, kisha hupima uvimbe kwa rula, akiguna kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa kifupi.

Jumanne chura mmoja alimrukia mdomoni. Kufumba na kufumbua, mdomo wa chini ukaumuka kama unga uliozidishwa hamira. Nilitimua mbio kumwita muuguzi wa zahanati ya ghorofa ya chini. Tuliporudi tulimkuta amekaa wima mbele ya kioo, jicho moja limeshafumbwa kabisa na uvimbe, anajipima mdomo kwa rula na kuandika kila kipimo kwenye jedwali lake.

"Baba, wewe mzima kweli?" muuguzi alifoka, sindano tayari. "Lete mkono!"

Akainua kidole kutuzuia. "Ndugu zangu, nipeni dakika nne tu," alisema kwa ulimi mzito. "Miaka kumi na moja, hakuna panya aliyewahi kuniambia inaumaje."

Muuguzi hakungoja hata moja. Alimdunga palepale. Jioni, uvimbe ulipoanza kunywea, alimtazama yule muuguzi kwa jicho lake zima, machozi yakimlengalenga.

"Dada," alisema, "umeniharibia jedwali."