Usiondoke Wodini Mikono Mitupu

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu mbaya na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na barua hii nimeiandika siku tatu. Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoolewa sasa, maana ipo siku mtamuuguza mzazi wa mume.

Siisahau asubuhi ile baba mkwe wangu aliporuhusiwa hospitali. Alikuwa amepasuliwa jipu mguuni, hawezi kutembea. Daktari alisema aende nyumbani, akapita. Muuguzi akaniambia, "Faili limeshakwenda dirisha la dawa. Kachukue, muondoke."

Dirishani kijana wa dawa akauliza, "Jina la mgonjwa?"

Mdogo wangu, unajua kwetu Wadatoga mke hatamki jina la baba mkwe. Akauliza tena, nikatazama chini.

"Huyu naye apelekwe kwa daktari wa masikio," mzee mmoja akasema nyuma yangu. Foleni nzima ikacheka.

Nikatoka. Nikamwambia baba mkwe dawa zimekwisha, tukapanda pikipiki hadi kijijini kwetu Balangdalalu bila kidonge hata kimoja. Hilo ndilo kosa langu, silifichi.

Siku ya tatu mguu ulivimba, mzee akatetemeka kwa homa. Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikasema ukweli. Hakunigombeza kwa sauti. Alisema, "Mwanangu, jina umeliheshimu, vizuri. Lakini kuondoka nani alikufundisha? Mficha uchi hazai. Rudi. Na usilitaje."

Nikarudi peke yangu, maana mzee hakuweza tena kukaa kwenye pikipiki. Kijana ni yuleyule.

"Jina?"

"Jina sitalitaja, ni baba mkwe wangu. Alilala wodi ya wanaume, kitanda cha tatu, jipu la mguu. Faili lake liko humo ndani."

"Dada, pisha wenzako."

"Sipishi."

Sauti yangu ni ndogo, lakini siku hiyo ilitosha. Safari hii hakuna aliyecheka. Muuguzi mkuu akatoka, mama mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote.

"Kwa nini hukupewa dawa kulekule wodini?" akauliza.

"Mama, hilo nawauliza ninyi."

Akaingia kutafuta faili. Dawa zilikuwa kwenye mfuko, zimefungwa tangu siku ile. Akaagiza mzee aletwe haraka. Jirani akatupa gari, mzee akalazwa tena, kidonda kikasafishwa. Alipopona, muuguzi alileta dawa kitandani, akamuuliza mzee mwenyewe jina lake, akatuonyesha kidonge cha asubuhi na cha jioni, akataja siku ya kurudi. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Wodi nyingine bado wanasema "kachukue dirishani".

Basi, mdogo wangu, wakikuambia ondoka, kaa kwanza. Dawa ziwe mkononi, uelewe zinamezwaje, ujue siku ya kurudi. Wakikucheka, wacheke, aibu haitibu kidonda. Nanyi wauguzi, ulizaneni ninyi kwa ninyi kabla ya kumtuma ndugu wa mgonjwa. Mila yetu haikuzuia dawa. Mfuko ulikuwepo, hakuna aliyeuleta.

Mungu awape wagonjwa wenu kurudi nyumbani kwa miguu yao, nanyi awape kinywa kisichoogopa dirisha.

Kama nawe uliwahi kurudi nyumbani bila dawa hivyo, niandikie. Nasoma polepole, lakini nitajibu.